Kiti cha Mjomba na Nusu ya Kichwa Changu

Siku niliyokwenda kukomboa kiti cha mjomba nilivaa tai ya shule. Ilikuwa katikati ya likizo, jua kali, na hakuna mtu mwenye akili zake anayejifunga tai ya bweni mtaani kwa hiari. Lakini nilikuwa nakwenda kutekeleza sheria, na mimi nimechunguza: watu wazima humsikiliza zaidi kijana ambaye kuna kitu kinamkaba shingo.

Kiti chenyewe ni cha kinyozi, cha chuma, cha zamani. Ubavuni kina mpini. Ukiusukumasukuma kiti kinapanda. Ukiuvuta na kuushikilia kinashuka polepole mpaka karibu na sakafu, kikihema kama mtu mzima anayekaa baada ya kutwa nzima ya kutembea. Mjomba, kaka yake mama, alikinunua kwa kinyozi aliyekuwa anastaafu, mimi sijazaliwa, na tangu hapo amenyolea hapo karibu kila kichwa cha mtaa wetu. Changu kilianza nikiwa mdogo kiasi cha kukalishwa juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti, nikilia kwa sauti ambayo, kwa maelezo ya mama, ilifukuza wateja.

Mwaka huu mjomba alipanda ngazi kunyoosha kibao cha duka lake, akashuka bila ngazi. Goti likavunjika vibaya. Alipokuwa bado wodini, mguu umening'inizwa kama nguo iliyoanikwa, aliamua duka amwachie moja kwa moja msaidizi wake, kijana ambaye mtaa mzima unamwita Wembe. Yeye akipona atanyolea kwetu, kwenye baraza la mbele. Kitu kimoja tu aliazimisha badala ya kugawa: kiti. Wembe akitumie mpaka mwenyewe atakapokihitaji.

"Muandikishane," alisema mama, ambaye hamwamini mwanamume yeyote anayejipulizia manukato saa za kazi.

Na nani wa kuandika? Mimi ni katibu wa klabu ya mdahalo shuleni kwetu, cheo nilichokipata baada ya katibu aliyenitangulia kuhamishwa na mwenyekiti kukosa mtu mwingine mwenye kalamu. Nilijifungia chumbani na kutoka na mkataba wa vifungu kumi na vinne. Ulianza hivi: "Ieleweke na viumbe wote, walio hai na watakaozaliwa." Kifungu cha nne kilimkataza Wembe kukalia kiti akiwa ameloa. Cha sita kilikataza ushuzi wa makusudi. Cha saba ndicho kilichokuwa cha maana: asiuze, asiweke rehani, asikodishe, asigawe, wala asionyeshe dalili za kutaka kuuza. Kisha nikagonga muhuri. Niliuchonga kwa kiazi, ufundi wa bwenini, ambako viazi vimewapa wanafunzi ruhusa nyingi za kutoka kuliko mwalimu wa zamu. Nilikusudia simba anayenguruma. Alitokea paka anayepiga mwayo.

Mjomba akatia sahihi akiwa amelala chali. Wembe akatia sahihi huku akicheka. Mama akawa shahidi. Nikarudi shuleni nikijiona nimeacha familia katika mikono salama, yaani yangu.

Niliporudi likizo hii, mjomba alikuwa nyumbani na magongo yake mawili. Daktari alikuwa amemwambia waziwazi: kutembea, kidogo kidogo; kusimama muda mrefu, sahau. Basi mjomba akajifunza kunyoa ameketi. Alimkalisha mzee jirani kwenye kiti chetu cha kulia chakula, yeye akakaa kwenye kigoda, akanyoosha mkono, akafika masikioni tu. Utosi ulikuwa juu huko, haufikiki. Akamwomba jirani akalie ndoo iliyopinduliwa.

"Nikae kwenye ndoo?" jirani aliuliza. "Mtu wa umri wangu? Wapite watu wadhani naogeshwa?" Akaondoka zake na nywele zake.

"Kiti changu kinashuka," mjomba alimwambia mama usiku ule. "Kile mtu anakaa kwa heshima yake, na bado kichwa chake kinanifikia kifuani. Kikija, kazi ipo." Akanigeukia mimi, ambaye tangu mkataba ule wananiita Wakili. "Na kichwa chako, Wakili, ndicho kitakachofungua kazi. Usimpe mtu mwingine."

Nikaahidi. Nywele zangu zilikuwa zimerefuka mpaka mama akasema nikipita karibu na mti ndege watanihamia, lakini nikazilinda kama mali ya serikali. Mjomba akafagia baraza. Akatundika kioo. Akaitia mashine yake mafuta, akaifunga kitambaa, kesho yake akaifungua akaitia tena. Kisha akanituma kwa Wembe nikaulize kiti kije lini.

Katikati ya duka la Wembe nilikuta kiti chekundu, cha kung'aa, kinachozunguka.

"Karibu, Wakili!" Wembe akakisukuma, kikazunguka chenyewe. "Kaa uone dunia inavyokwenda."

"Kiti cha mjomba kiko wapi?"

"Kile chuma?" Akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. "Nilikiuza."

"Umeuza!"

"Punguza sauti, kuna mteja. Sikiliza, dogo. Mjomba wako namheshimu, ndiye aliyenifundisha kazi. Lakini mguu ule? Kila mtu anajua kazi imemshinda. Kiti kingekaa barazani kwenu, kuku watage. Nimempa mtu atakayekitumia, nami nikapata hiki cha kisasa. Mwambie aje, nitamnyoa bure maisha yake yote."

"Kifungu cha saba," nilisema, nikinyoosha kidole juu.

"Kinasemaje hicho?"

"Hukuusoma mkataba?"

"Nilifika kwenye cha ushuzi nikacheka mpaka machozi. Nikaweka sahihi hapo hapo."

Mimi ndiye niliyeandika kifungu cha ushuzi. Mimi ndiye niliyekiweka mbele ya cha kuuza, kwa sababu niliona kinachangamsha maandishi. Nililifikiria jambo hilo njia nzima, na kila nilipolifikiria nilitembea haraka zaidi, kana kwamba naweza kuliacha nyuma.

Wembe alinitajia mnunuzi: kinyozi wa karibu na soko, mtu aliyewahi kupigana ulingoni, anayeitwa Bondia hata na watoto wake.

Nyumbani mjomba aliniuliza, "Kinakuja lini?"

Alikuwa na mashine mkononi. Mafuta tena.

"Kesho, mjomba," nilisema.

Ndiyo maana ya tai.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Nitaingia kwa Bondia kama mteja. Nitakaa kwenye kiti. Nikishakaa, nitatangaza kwamba mali imerudi kwa mwenyewe, kwa kuwa mwakilishi wake ameikalia, na sitanyanyuka. Bondia atababaika. Nitausoma mkataba. Atajuta. Nje nitakuwa nimeweka mtu wa mkokoteni, tayari kupakia. Shuleni niliwahi kugoma jikoni namna hiyo hadi wapishi wakatuongezea chakula, kwa hiyo nilikuwa na uzoefu.

Mtu wa mkokoteni nilimchukua karibu na kwetu. Alikuwa mtu wa maswali.

"Mzigo gani, bosi?"

"Kiti."

"Cha nani?"

"Cha mjomba."

"Kwa hiyo tunakwenda kukichukua kwa mjomba?"

"Hapana. Mjomba yuko kule tunakotoka."

Akanitazama, akatazama tai, akaanza kusukuma.

Duka la Bondia lilikuwa chumba kimoja chenye benchi la wateja na kioo kilichopasuka pembeni. Wateja wawili walikuwa wakisubiri, wapagazi wa sokoni, kila mmoja na mabega ya kubebea magunia mawili. Bondia mwenyewe alikuwa na masikio yaliyokunjamana na mikono mipana, na nilipoona jinsi mashine ilivyopotea ndani ya kiganja chake, niliona vema nianze kwa adabu.

Zamu yangu ikafika. Nikakaa. Kile kiti nilikitambua kwa makalio kabla ya macho.

"Kote?" aliuliza Bondia.

"Kote," nikasema, nikijua hatafika popote, kwa kuwa tangazo langu lilikuwa linakuja.

Hapo ndipo nilipokosea. Katika mdahalo, msemaji mzuri hanyanyui sauti mpaka ukumbi utulie. Nikasubiri wapagazi wamalize hadithi yao. Ilikuwa hadithi ndefu, kuhusu mbuzi, na kwa bahati mbaya ilikuwa nzuri. Bondia naye hakuwa mtu wa kupoteza muda. Nilipokohoa na kuinua mkono kwa heshima zote, nusu ya kushoto ya kichwa changu ilikuwa sakafuni.

"Kwa mamlaka niliyopewa," nilianza, "natangaza kwamba kiti hiki ni mali ya mjomba wangu, kimeuzwa kinyume cha mkataba, na kuanzia sasa nimekitwaa."

Mashine ikazimwa.

"Umesemaje?"

Nikatoa mkataba mfukoni nikausoma wote. Viumbe wote. Kuloa. Nilipofika kwenye ushuzi wapagazi waliegemeana kwa kicheko. Nikasoma cha saba kwa sauti ya juu zaidi.

Bondia akauchukua, akautazama chini kulia. "Huyu paka ni wa ofisi gani?"

"Ni simba."

"Mbona ana usingizi?"

"Hoja ni hii," nikasema. "Wembe hakuwa na haki ya kuuza. Asiye na mali hawezi kuuza mali. Kwa hiyo kisheria wewe hukununua kiti. Ulinunua hewa."

"Hewa hiyo ilibebwa na watu watatu," alisema Bondia. "Mmoja aliumia kidole. Jina langu liko wapi kwenye karatasi hii?"

"Halimo."

"Sahihi yangu?"

"Haimo."

"Basi hiyo ni barua yako na Wembe. Mpelekee. Shuka, nina watu."

"Sishuki."

Nilitegemea ababaike. Hakubabaika. Aliiweka mashine juu ya meza taratibu. "Vizuri. Wewe umetwaa kiti, mimi nimesimamisha kazi ya kichwa chako." Kisha akaushika mpini akausukumasukuma mpaka nikapanda juu kabisa, miguu ikining'inia. "Miliki ukiwa huko."

Nikajiona kwenye kioo. Upande wa kushoto nilikuwa yai. Upande wa kulia nilikuwa kichaka. Katikati mpaka ulikuwa umenyooka kama umepigwa rula, kwa sababu Bondia, hilo sharti niseme, ana mkono mzuri. Na chini ya vyote hivyo, tai.

"Ukimtazama huku ni mtumishi wa serikali," alisema mpagazi wa kwanza, akiinamisha kichwa kushoto.

"Na huku ni mshtakiwa," alisema wa pili.

Mtu wa mkokoteni akachungulia mlangoni. "Bosi, mzigo uko tayari?"

"Unakaribia."

Wateja wengine wakaja, wakaniona, wakakaa kungoja bila kulalamika, kwa sababu kwingine watu hulipia kuona vitu kama hivyo. Bondia akawa anamnyoa mtu kwenye benchi huku akinipa mgongo. Nikausoma mkataba mara ya pili. Safari hii waliokuwa wamevikariri vifungu walinisaidia kuvitamka. Miguu ikaanza kufa ganzi. Shuleni, kule jikoni, tulikuwa wanafunzi sitini. Hapa mgomo ulikuwa na mwanachama mmoja, na nusu yake ilikuwa inasikia baridi.

"Bosi," mtu wa mkokoteni alirudi, "mzigo ni wewe?"

Nikasikia magurudumu yakiondoka. Nikakumbuka ile "kesho" niliyomwahidi mjomba, ambayo sasa ilikuwa leo. Nikamwona mjomba ameketi barazani na mashine yake iliyolowa mafuta, na mimi nikishuka njia na kichwa hiki, bila kiti. Nikaurudisha mkataba mfukoni, na hakuna aliyeona, kwa kuwa walikuwa wanatazama upande wa nywele.

Magurudumu yakarudi.

Nilipotazama nje, mkokoteni ulikuwa umesimama mlangoni, na juu yake, amenyoosha mguu mmoja, magongo ameyaweka mapajani, alikuwa ameketi mjomba. Mtu wa mkokoteni alikuwa ametokwa na jasho na amefurahi.

"Nilienda kuuliza," alisema. "Nikaona kama mjomba yuko kule na kiti kiko huku, bora mmoja wao asafiri."

Wapagazi wakamshusha. Mjomba akaingia kwa magongo yake, akanitazama. Alinitazama kushoto. Alinitazama kulia.

"Nilikuambia usimpe mtu mwingine," alisema.

"Nimempa nusu tu, mjomba."

Benchi zima likaangua kicheko, lakini mjomba hakucheka. Akamgeukia Bondia. "Samahani kwa fujo, fundi mwenzangu. Huyu ni mpwa wangu. Tunamsomesha."

"Wewe ndiye mwenye kiti hiki?" Bondia akauliza. "Wembe aliniambia mwenyewe ameacha kazi. Alisema umekwisha."

Mjomba akasogea hatua moja karibu na kiti.

"Mguu ndio uliokwisha," mjomba alisema. "Mikono ipo." Akapitisha kidole kwenye mpaka wa kichwa changu. "Upande huu ni safi. Lakini kichwa hakiachwi hivi, hata kama ni cha huyu. Una kigoda?"

Bondia akamletea kigoda. Mjomba akaketi, akaegemeza magongo ukutani, akaushika mpini akauvuta. Kiti kikaanza kushuka kikihema, polepole, na mimi nikashuka nacho kutoka kwenye umiliki wangu wote mpaka kichwa kikamfikia kifuani. Akafungua kitambaa, akatoa mashine yake. Hakuinuka hata mara moja. Alipotaka upande wa nyuma alinisukuma bega nigeuke, alipotaka utosi aliniinamisha, na nywele nilizozilinda likizo nzima zikaangukia juu ya tai.

Bondia alisimama akitazama, mikono nyuma.

"Kumbe," alisema mwishowe. "Ndiyo maana unakitaka hiki. Kinashuka."

"Cha kulia chakula hakishuki," mjomba alisema. "Na ndoo watu hawataki."

Bondia akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa ngumi ambayo hakuiona ikija. "Wewe mtoto. Umeisoma karatasi ile mara mbili. Umenisomea ushuzi mara mbili! Mbona hukusema kwamba mjomba wako hawezi kusimama?"

Vifungu kumi na vinne, na hakuna hata kimoja kilichotaja goti. Nilidhani goti ni jambo la nyumbani, la kusemwa kwa sauti ndogo, na kwamba sheria ndiyo kitu cha kwenda nacho kwa watu.

"Sikuona kama ni hoja," nikasema.

"Hiyo ndiyo ilikuwa hoja! Ungeingia ukasema hivyo, mngekuwa mmeshafika kwenu." Akapuliza pumzi, akakitazama kiti kwa muda, na nikaona kwamba kinamuuma. "Wateja wangu ndio hawa. Mabega haya yanataka chuma." Akakipigapiga mgongoni. "Chukueni. Wembe nitamfuata mwenyewe. Arudishe nilichompa, au kile chekundu chake kihamie hapa."

"Kinazunguka," nikamwonya, nikitaka kuwa na faida.

"Kitajifunza kutulia."

Kukipakia kulihitaji Bondia, wapagazi wawili na mtu wa mkokoteni, huku mimi nikiwaelekeza hadi mtu akaniomba nishike magongo. Kisha wakamnyanyua mjomba wakamkalisha ndani ya kiti, juu ya mkokoteni, na hivyo ndivyo mtaa ulivyomwona akirudi: yuko juu, ameshika mikono ya kiti, anawaitikia watu salamu. Nyuma yake nilikuwa mimi, nasukuma. Nilikuwa nimeulizia malipo ya mkokoteni, nikajibiwa, nikaonekana sina, nikaambiwa nisukume.

Mama alitusubiri mlangoni. Alinizunguka mara moja. Nusu ya Bondia ilikuwa imenyolewa chini zaidi ya nusu ya mjomba, na mpaka ulikuwa bado unaonekana vizuri.

"Hii nini?"

"Ni alama ya suluhu, mama."

"Nitakupa suluhu."

Habari za Wembe tulizipata baadaye. Bondia hakupigana naye. Alikwenda akakikalia kiti chekundu, akasema hashuki. Alisema amejifunza kwa kijana mmoja. Sasa kiti hicho chekundu kiko kwa Bondia, kinalia kila mpagazi akikikalia, na Wembe ananyolea kwenye stuli ya mbao. Alikuja barazani jioni moja, akasimama mbali, akasema, "Fundi, mimi nilidhani..." akashindwa kumalizia. Mjomba alimtazama nywele. "Nani anakunyoa siku hizi?" alimuuliza. "Kaa nirekebishe nyuma. Kisha tutasemezana." Walisemezana muda mrefu. Niliombwa nisiandike chochote.

Lakini hilo lilikuwa baadaye. Asubuhi iliyofuata kurudi kwa kiti, wa kwanza kufika barazani alikuwa mzee jirani, na nywele zake zile zile. Alikizunguka kiti. Akakaa kwa tahadhari. Mjomba, ameketi kwenye kigoda chake, akauvuta mpini, na kiti kikamshusha mzee polepole kikihema.

"Hapa," alisema jirani, akinyoosha mgongo, "hapa mtu amekaa."

Mjomba akawasha mashine. Nilikuwa mlangoni, na nikamwona akinitupia jicho.

"Mzee, unataka kote," aliuliza, "au kama Wakili?"

Mtaa mzima ulisikia. Tangu siku ile anamuuliza kila mteja, na kila mteja hucheka kama ndiye wa kwanza kuambiwa. Mimi shule zinafunguliwa wiki ijayo. Nywele zinaota, lakini upande mmoja umemtangulia mwenzake, na mwalimu wa zamu ni mtu wa maswali.